Nondo za Ghorofa ya Pili



Mwezi wa tano 2025, Jumamosi moja baada ya alasiri, mpwa wangu alifika kwangu amekumbatia kasha la kompyuta kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akaamkia, akakaa, hata maji hajanywa. "Mjomba, nimemaliza kuiunga. Nataka tuiwashe pamoja." Tukaiweka juu ya meza ya chakula. Nilichomeka waya ukutani mimi mwenyewe, yeye akabonyeza swichi ya nyuma. Paa! Mlio kama wa fataki ya mkesha wa mwaka mpya. Mwanga wa buluu ulimulika kwenye matundu ya feni, moshi mwembamba ukafuata, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Harufu ya kapasita iliyoungua ilikaa kwenye mapazia hadi Jumatatu.

Nilipopandisha swichi kuu tuliligeuza lile kasha na kulimulika kwa tochi ya simu. Pembeni ya tundu la waya kulikuwa na kiswichi chekundu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake tarakimu tatu nyeupe: 115. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Kile kiswichi kilitakiwa kusogezwa upande wa pili kabla ya kitu kingine chochote, na hakuna aliyemwambia kijana. Pawa saplai yenyewe, ile inayolisha vifaa umeme, alikuwa hajainunua. Aliikuta ndani ya kasha, akaambiwa ni ofa.

"Mjomba, ndiyo basi tena?" aliniuliza. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

Haikuwa basi. Tulipopima kwa pawa saplai ya kuazima, mazabodi ilikuwa hai, RAM hai, kadi ya grafiki hai. Hapo ndipo ulipoanza mjadala wetu wa kweli, na ndio ulionileta kwenye kipaza sauti jioni hii. Njia rahisi ilikuwa kununua pawa saplai nyingine na kuendelea. Mimi nikamwambia tuiuze mashine yote, pamoja na kadi aliyoinunua kwa akiba ya miezi kumi na moja, tuanze upya na vitu visivyopendeza hata kidogo kuvitazama. Hakunisemesha siku mbili.

Nieleze kwa nini nilimshauri hivyo.

Kwetu nyumba hujengwa kwa awamu. Mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, bati likipatikana tunapaua, tunahamia vyumba viwili huku vingine havina dirisha. Na anayefikiria ghorofa baadaye utamtambua tu ukipita barabarani: juu ya slabu ameacha nondo zimesimama, zimechungulia angani, zina kutu, zinasubiri. Jirani anaweza kuziona kama uchafu. Lakini zile nondo ndizo zitakazoshika nguzo za ghorofa siku hela ikipatikana, na hazisaidii kitu kama msingi chini yake ulimwagwa kwa nyumba ya chini peke yake. Kompyuta ya kuongezwa baadaye hujengwa hivyohivyo. Kuna vya kukaa na kuna vya kupita. Kadi ya grafiki ni ya kupita, prosesa ni ya kupita, RAM kwa kiasi fulani. Vya kukaa ni pawa saplai, mazabodi na kasha. Kijana akiingia dukani swali lake la kwanza ni "nichukue kadi gani?", na hela yote inaishia hapo. Vya kukaa vinaokotwa kwa chenji iliyobaki.

Niwaeleze pawa saplai kwa kirefu, kwa sababu ndiko watu wanakoumizwa zaidi.

Ile iliyolipuka niliifungua baada ya kuiacha siku kadhaa bila umeme. Na ninyi msiifungue kabisa: kapasita zake hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Kabla ya kuifungua nilikuwa nimeipima mkononi, nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Ubavuni palikuwa na karatasi yenye maandishi makubwa: 500W. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo hakuna anayelisoma. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka hapo. Kwenye ile yetu paliandikwa ampia 16. Zidisha kwa 12: unapata wati 192. Hizo ndizo wati ambazo mashine ya gemu ingezipata kweli. Nyingine zote hadi kufika 500 zilikuwa kwenye njia za volti 5 na volti 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazitumia kidogo sana. Pawa saplai nzuri ya wati 550 utaikuta na ampia kama 45 kwenye safu hiyohiyo. Piga hesabu uone: 45 mara 12 ni 540. Yaani karibu nguvu yote iko pale inapotakiwa.

Basi ukiwa dukani, mwombe muuzaji akupe uishike, ugeuze ubavu, usome safu ya 12. Angalia pia kama ina kile kiswichi chekundu. Zilizotengenezwa vizuri siku hizi hazina. Zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe bila kuuliza. Kiswichi ni dalili ya ramani ya zamani. Ile alama ya 80 Plus, iwe ya kawaida, Bronze au Gold, inahusu ufanisi, yaani umeme kiasi gani unafika kwenye vifaa badala ya kuwa joto. Ni alama njema, ila peke yake haikuhakikishii kwamba vya ndani ni imara.

Na hesabu yenyewe ifanywe kwa kadi unayoiota, si kwa uliyonayo leo. Mpwa wangu alikuwa akiiota RTX 3060, ambayo kiwanda kinaipa wati 170. Ongeza prosesa ya wati 65 ambayo ikikazana hupita hapo, ongeza bodi, diski na feni, halafu acha nafasi ya kupumua, maana kadi hurusha mikupuo mifupi ya umeme kupita wastani wake. Ndiyo maana NVIDIA wenyewe hushauri wati 550 kwa kadi hiyo. Tulichukua ya 650, yenye kebo mbili za pini nane za kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kichwa cha pini sita huongeza 75 nyingine, cha pini nane 150. Kadi kubwa isiyopata kebo yake haiwaki.

Onyo moja hapa, na nalisema kwa uzito. Ukija kubadilisha pawa saplai yenye kebo za kuchomoa, toa na kebo zote za zamani. Usiseme "hizi zinaingia, acha nisihangaike." Upande wa pawa saplai hakuna kanuni moja ya kupanga pini, kila kiwanda kina mpango wake, na wakati mwingine kiwanda kimoja kina mipango miwili. Kebo inaingia vizuri kabisa, halafu volti 12 inakwenda mahali pa volti 5, na SSD yenye picha zako zote inakufa papo hapo.

Sasa mazabodi. Ile ya kwanza ya kijana ilitoka kwenye mashine ya ofisi iliyotumika, Intel ya kizazi cha nne, RAM za DDR3. Mashine hizi zimejaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, na wala sizidharau. Zimefundisha watu wengi kazi. Lakini kwa anayetaka kuongeza baadaye ni nyumba isiyo na nondo. Soketi yake haipokei prosesa mpya zaidi ya kizazi cha tano. Nyingi zina pawa saplai ya umbo lake yenyewe na vichwa vyake yenyewe, huwezi kuweka ya dukani bila adapta. Makasha yake membamba hayapokei kadi ya urefu wa kawaida. Na Windows 11 kwa kanuni za Microsoft inaanzia Intel ya kizazi cha nane, wakati Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa nayo tayari, weka SSD, weka kadi ndogo isiyohitaji kebo kama GTX 1050 Ti, cheza, furahi. Usimimine hela mpya humo.

Kuhusu soketi, nitawapa visa viwili vilivyotokea kweli. Mwaka 2015 Intel walitoa prosesa za kizazi cha sita kwa soketi ya pini 1151. Oktoba 2017 wakatoa kizazi cha nane. Soketi bado ya pini 1151, umbo lilelile, lakini aliyekuwa na bodi ya zamani aliambiwa anunue bodi mpya. Mwezi wa tatu mwaka huohuo wa 2017 AMD walikuwa wametoa Ryzen za kwanza kwenye soketi ya AM4. Aprili 2022, miaka mitano baadaye, wakatoa Ryzen 7 5800X3D kwenye AM4 ileile, na bodi nyingi za 2017 zikapewa BIOS mpya, yaani programu ya kuiamsha bodi, ya kuitambua. Mtu aliyeanza na prosesa ya kawaida akaamka na mojawapo ya prosesa bora za gemu za wakati ule, bila kugusa mazabodi, RAM wala kasha. Alichohitaji ni bisibisi na grisi ya joto.

AMD wamekwishahamia AM5 tangu Septemba 2022, na wamesema wataiendeleza hadi 2027 na kupita hapo. Hiyo ndiyo yenye mustakabali mrefu. Lakini AM5 inakubali DDR5 tu, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa dunia nzima, kwa sababu viwanda vya chipu viligeukia vituo vya akili unde ambavyo hununua kwa wingi. Mwenye uwezo aende AM5. Mpwa wangu hakuwa nao. Tulichukua AM4 tukijua kwamba ghorofa iliyobaki juu yake ni moja tu, na kwa kijana wa umri wake ghorofa moja inamtosha miaka mingi. RAM zake za DDR4 tulizinunua kabla bei hazijapaa, na hapo tulibahatika tu.

Katika kuchagua bodi yenyewe, taa za rangi zisikutie kiwewe. Hesabu matundu manne ya RAM badala ya mawili. Hesabu matundu ya M.2 kwa ajili ya SSD. Mawili ni bora. Tazama vipande vya chuma vilivyozunguka soketi: vinapoza sehemu inayolisha prosesa umeme, na bodi isiyo navyo itahemewa siku ukiweka prosesa kubwa. Kisha ingia kwenye tovuti ya kiwanda, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na bodi hiyo, uone kama ile ya ndoto yako imo na inahitaji BIOS ya toleo gani. Iweke BIOS hiyo mapema, prosesa ya zamani ikiwa bado ipo, siku ambayo umeme umetulia. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiamke tena.

Swali la kijana likawa: "Sasa mjomba, bila kadi nitacheza na nini?" Jibu lilikuwa Ryzen 5 5600G, prosesa ya 2021 yenye grafiki ndani yake. GTA V inacheza, kandanda inacheza, gemu za mashindano za mtandaoni zinacheza ukipunguza urembo wa picha. Ila grafiki hii ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakula kwenye RAM ya mashine. Kwa hiyo RAM ziwe mbili, za 8GB kila moja, si moja ya 16, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Na zikae mahali pake: ukihesabu kutoka kwenye prosesa, tundu la pili na la nne. Nimekuta mashine ya rafiki yake, RAM mbili nzuri zimebanana kwenye tundu la kwanza na la pili, na mwenyewe analaumu prosesa. Tulihamisha moja tu. Gemu iliyokuwa ikikwamakwama ikateleza. Baada ya hapo ingia kwenye BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 itatembea na 2133 maisha yake yote.

Ukitumia DDR5 ushauri unageuka kidogo. RAM nne kwa pamoja huilazimisha mashine ishushe kasi, hivyo ni afadhali kujibana ununue mbili za 16GB kwa mkupuo kuliko kuanza na mbili ndogo ukitumaini kuongeza mbili nyingine.

5600G ina gharama yake pia, nisiwafiche. Akiba yake ya ndani (cache) ni megabaiti 16, wakati ndugu yake 5600 isiyo na grafiki ina 32, na inazungumza na kadi kwa PCIe ya kizazi cha tatu badala ya cha nne. Hilo linagusa moja kwa moja kadi utakayonunua baadaye. Kadi kamili hutumia njia 16 za PCIe. Nyingine za bei nafuu zimepunguzwa: RTX 4060 ina njia nane, RX 6500 XT ina nne tu. Ya njia nane kwenye kizazi cha tatu inapoteza kidogo, unaweza usione. Ya njia nne inaumia waziwazi. Na ndiyo kadi ambayo kijana wangu alikuwa ameiwekea akiba miezi kumi na moja, RX 6500 XT, yenye 4GB za kumbukumbu, kwenye bodi ya zamani yenye PCIe ya kizazi cha tatu. Kwa hiyo nilipomwambia tuiuze sikuwa nikichezea jasho lake. Kadi yenyewe nzima, aliyeinunua alikuwa na bodi mpya zaidi na anaifurahia mpaka leo.

Ndiyo sababu tunaisaka RTX 3060 iliyotumika: njia 16, na 12GB za kumbukumbu, kitu ambacho RTX 4060 iliyokuja 2023 haina; ile ina 8. Gemu mpya zinazidi kudai kumbukumbu, na kadi ikiishiwa, picha hukatikakatika hata kama nguvu ya kuchora bado ipo. Mchunguze tu muuzaji, kwa kuwa kuna RTX 3060 nyingine ya 8GB iliyotoka mwishoni mwa 2022, jina ni lilelile. Mwombe aiwashe gemu nzito robo saa mbele yako, uangalie joto, usikilize feni. Na kabla ya kutoa hela pima kwa rula urefu wa kadi na nafasi ndani ya kasha.

Kasha lenyewe: chagua lenye wavu mbele. Yale yenye kioo mbele yanapendeza dukani, lakini Dar es Salaam mwezi wa pili, au Mombasa penye joto na chumvi ya bahari hewani, kioo kinageuza kompyuta kuwa jiko. Wavu wenye chujio la kuchomoa na kuosha, feni mbili mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa. Kila baada ya miezi miwili burashi safi ya rangi inatosha kufagia vumbi; ukipuliza, shikilia mapanga ya feni yasizunguke.

UPS, betri ya kuishika kompyuta umeme ukikatika, nayo inunuliwe mapema kadiri iwezekanavyo. Iliyoandikwa 650VA hutoa wati kama 360 hadi 390, VA si wati, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Umeme ukirudi, subiri utulie ndipo uwashe.

Mpwa wangu aliiwasha mashine yake ya pili mwezi wa nane, juu ya meza ileile ya chakula. Safari hii dada yangu alikuwepo, amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo begani, tayari kukimbia. Kijana aligeuza kasha nyuma mwenyewe, akamulika, akapapasa kwa kidole mahali pa kiswichi, hapana kitu. Akabonyeza. Feni zikazunguka, skrini ikaandika kiasi cha RAM, na dada akarudi kwenye vyombo vyake bila kusema neno. Tulicheza mpira hadi saa nne usiku, wachezaji wakiwa na nyuso za kufifia kidogo, nikafungwa mechi zote.

Kadi bado hajapata. Anaweka akiba kila mwisho wa wiki, na bei anaifuatilia kama mkulima anavyofuatilia mawingu. Wiki iliyopita nilikwenda kwao, akanifungulia ubavu wa kasha anioneshe alivyofagia vumbi. Nyuma ya bati, kebo mbili za pini nane zimekunjwa na kufungwa kwa kamba ya plastiki, hazijachomekwa popote.